Pandeni, Nafasi Iko

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimelala chali juu ya katoni, chini ya pikapu ya Nzanzu, na nilikuwa na hasira. Tangu asubuhi mfanyabiashara huyu wa Butembo alisimama mlangoni mwa karakana yangu ya Mikelenge, hapa Kindu, akinisumbua, kana kwamba matope ya Maniema nimeyaleta mimi.

"Fundi Onema, unachelewa. Kesho asubui naenda Kibombo. Gari inagusa matope na tumbo, sitaki ilale tena mu njia."

"Acha nifanye kazi," nilisema.

Alitaka gari liinuliwe sentimita tano tu. Mbele niliweka vipande vya chuma vya kuinulia juu ya springi. Nyuma niliongeza lame moja kila upande, zile bapa ndefu za chuma zinazobeba mzigo. Nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi: hamsini na tatu. Kabla ya hapo ilikuwa arobaini na nane. Nilitaka kazi hii iwe safi kuliko zote, maana Arielle, binti yangu wa pekee, angesafiri nyuma ya gari hilo kwenda Kibombo kuanza ualimu.

Nzanzu hakuniuliza lame nimezitoa wapi. Kindu nzima nzuri hazipatikani. Nilizifungua kwenye pikapu moja iliyooza majanini, barabara ya Kibombo, mahali ninapopajua mimi peke yangu.

Mwaka 1998 nilikuwa utingo wa pikapu hiyo. Vita ilikuwa inaingia mjini, watu wanakimbia, nami naita tu, "Pandeni, nafasi iko," hata nafasi ilipokwisha. Wa kumi na moja alikuwa bibi mwenye kitunga cha samaki wa moshi. Alisema atabanwa. Nikamsukuma ndani. Njiani nilishuka mtoni kuchota maji ya rejeta, na watu wenye bunduki wakatoka msituni. Nilisikia wote kumi na mmoja wakiuawa, nikiwa majini hadi shingoni. Kisha nikakimbia. Miaka hii yote nimewaambia watu kwamba siku ile sikuwemo.

Chuma ni chuma, nilijiambia nilipokuwa nazifungua.

Sasa, sisi mafundi wa hapa tuna desturi yetu. Boloti za lame hazikazwi mwisho gari likiwa tupu. Lazima libebe uzito kwanza, lame zikae mahali pake. Kupakia mawe ni kazi, kwa hiyo tunaita wapita njia. Wanapanda, wanataniana, fundi anakaza, halafu anawaambia washuke.

Jioni ile mawingu yalikuwa meusi na barabara tupu. Nzanzu alikuwa amekwenda kutafuta turubai. Niliita mara moja, asitokee mtu. Nikaita tena kwa hasira, na maneno ya zamani yakanitoka yenyewe.

"Pandeni, nafasi iko."

Kimya…

Krii.

Gari lilishuka kidogo juu yangu. Nikadhani Nzanzu amerudi. Niligeuza shingo nitazame miguu yake.

Hapakuwa na miguu.

Krii… krii…

Walikuwa wanapanda mmoja mmoja, bila haraka. Sikutaka kuhesabu, lakini nilihesabu. Nane. Tisa. Kumi. Kisha kishindo, kama cha mtu aliyesukumwa. Harufu ya samaki wa moshi ikapenya kwenye matundu ya bodi na kunijaa puani. Chasisi ilikuwa imekaribia kifua changu. Na mkono wangu, kwa mazoea ya kazi, ukakaza boloti zote.

"Shukeni," nilinong'ona.

Hakuna aliyeshuka. Sauti ya mwanamke mzee ikasema juu yangu, polepole, kwa chuki:

"Kijana… tulishafika?"

Nilitambaa nje. Nyuma ya gari palikuwa patupu. Nikapima.

Arobaini na nane.

Nzanzu alinikuta nahangaika kufungua boloti, nazo zimegoma. "Unafungua nini tena?"

"Lame hizi ni mbaya."

"Ni wewe uliziweka. Toka." Akawasha gari akaenda. Sikumzuia. Kumweleza kungekuwa kukiri kwamba siku ile nilikuwepo.

Nyumbani nilimkataza Arielle kusafiri. Aliuliza sababu. Niliona aibu kumwambia, naye akafunga mizigo yake.

Asubuhi nilimkuta ameshapanda gari la Nzanzu. Nyuma palikuwa na magunia mawili tu ya chumvi, lakini alikuwa amejikunja pembeni, begi mapajani, mabega yamekusanyika.

"Mama, sogea katikati, ukae vizuri," nilimwambia.

Aliniangalia kwa mshangao. "Baba, nisogee wapi?"

Nilimvuta mkono. Akashuka akilia, akaniambia mbele ya watu kwamba nimemharibia maisha. Nilimwambia arudi nyumbani, nami nikapanda mahali pake. Nzanzu alicheka. "Kumbe mwalimu ni wewe?"

Nilibanwa njia nzima. Goti baridi lilikuwa limeegemea goti langu, na hapakuwa na mtu. Tulipofika kwenye ule mto, Nzanzu alisimama ili niteremke kuchota maji. Safari hii sikushuka. Alitukana, akaenda mwenyewe.

Kibombo tuliingia jua likizama. Nilishuka wa kwanza, nikasimama nyuma ya gari.

"Shukeni," nilisema. "Tumefika."

Krii… krii…

Gari lilipanda kidogo kidogo. Nilipima: hamsini na tatu. Nzanzu akaniuliza kwa nini fundi mzima analia. Lakini mimi nilikuwa bado nasubiri. Waliteremka kumi.

Kumi tu.

Ndipo nikakumbuka. Asubuhi ile, Arielle aliposhuka, lame zililia mara mbili.

Nilimpigia Arielle; simu ilichelewa kushika. Sauti yake ilikuja hafifu, bado na hasira.

"Baba, nani aliacha samaki ya moshi mu nyumba?"

"Uko wapi?"

"Mu kitanda. Nimechoka." Nikasikia anajisogeza kuelekea ukutani. "Baba… mbona kitanda iko mudogo leo?"