Msimulizi Asiyependeka

"Huyu msimulizi wako simpendi," mhariri alisema, akiusukuma mswada juu ya meza ya kutengenezea saa. "Na kama mimi ninayekupenda wewe nimeshindwa kumpenda yeye, msomaji atamweza?"

Mchumba wake, fundi saa, hakuinua kichwa. Alikuwa amenasa gurudumu dogo kwa kibanio.

"Kwani kafanya nini?"

"Kampa binti wa watu mimba, kaikana mbele ya wazee, kahama mji. Halafu anasimulia kama mtu aliyeshiba. Mpe hata machozi. Sema ndugu wa msichana walimfukuza. Watu wanataka msimulizi wa kukaa naye."

"Akiwa mwema, hadithi inakuwa ya uongo."

"Hadithi zote ni za uongo, mpenzi."

Gurudumu likamponyoka. Alilitafuta chini ya meza muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Jioni hiyo, nyumbani kwake, mhariri hakutulia. Alikaa, akasimama, akaosha vikombe visafi. Akarudi kwenye sura ya nne, pale wazee walipoketi. Msimulizi alikumbuka pazia lililoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na kwamba kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinabana. Mtu habuni kiatu kinachobana.

Akaandika ujumbe: "Mtoto wa kwenye kitabu ana miaka mingapi sasa?"

Tiki mbili zikageuka bluu. Fundi akaandika, akaacha, akaandika tena.

"Saba. Ni wa kike."

Mhariri akampigia papo hapo.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Nimekuambia. Kurasa mia mbili na kumi."

"Hapo umemwambia mhariri. Mchumba wako hujamwambia kitu."

"Nilitaka umchukie yeye kwanza. Nione kama utabaki."

"Huo ni mtego, bwana, si ukweli. Na mimi nakubembeleza umpake asali. Ungenisikiliza, ningeolewa na hiyo asali."

Mhariri akakata simu, akampigia mama yake kusimamisha harusi.

"Wanaume wote wana mambo yao, mama," mama yake alisema. "Na kadi zimeshatoka."

"Basi wazisome tu."

Siku nne hakupokea simu ya fundi. Ya tano alimfuata dukani, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mswada wako umeishia mtu anapokimbia. Nenda kwa huyo mtoto."

"Mama yake nimeshampigia. Kasema nije Jumamosi, nisije na maneno mengi. Utanisindikiza?"

"Nitakuja. Ila usijidanganye kwamba nimekusamehe."

Jumamosi mlango ulifunguliwa na msichana mwenye vidole vilivyojaa chaki.

"Mnamtaka nani?"

Fundi akakohoa. "Unajua, mwanangu, zamani mambo yalikuwa magumu, na sisi watu wazima wakati mwingine..."

Mhariri aliitambua sauti hiyo. Ndiye msimulizi mtamu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwomba fundi amwandike.

"Acha," akamwambia kwa sauti ya chini.

Fundi akachuchumaa mpaka macho yake na ya mtoto yakalingana.

"Mimi ni baba yako. Nilisema wewe si wangu. Na nilijua ni wangu."

Mtoto akamtazama, bila kucheka wala kununa.

"Mama amesema nikitaka mwingie, mtaingia. Nisipotaka, basi."

"Na wewe unataka?"

"Bado nafikiri."

Akaurudisha mlango taratibu. Walisikia miguu yake ikienda ndani.

"Wewe nenda tu," fundi alisema, macho yake chini. "Huenda akachelewa."

"Sijakuuliza hilo. Tungoje au tusingoje?"

"Tungoje."

Mhariri akaketi kwenye ngazi, akauweka mkoba upande wa pili, akamwachia nafasi ya kukaa.