Mkunjo wa Bibi Kona

Shule ilipotoka, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya hospitali, akapita mlango wa matoroli, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha kufulia kumsubiri mama yake amalize zamu. Hilo jina la Chiriku alipewa na wanawake waliofanya kazi humo, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Angeweza kukusimulia somo zima la sayansi kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Humo ndani mashine za kufulia zilinguruma upande mmoja na za kukaushia upande wa pili. Katikati ilikaa rola kubwa ya moto iliyonyoosha mashuka ya wagonjwa, na mwisho kabisa kulikuwa na chumba cha kukunjia, chenye meza ndefu. Kila mwanamke alikuwa na nafasi yake mezani na rundo lake la mashuka kwenye rafu.

Ilikuwepo nafasi moja isiyo na mtu. Stuli yake ilibaki palepale karibu na ukuta, na juu yake, msumarini, lilining'inia aproni la kijivu. Bibi Kona alikunja mashuka hapo hadi akaota mvi kichwa kizima, akafariki wakati wa mvua zilizopita. Alikuwa kipenzi cha Chiriku. Wakati mtoto huyu hajaanza shule, bibi yule alikuwa akitoka kupunga upepo, anakaa naye kwenye benchi na kumfundisha kukunja vitambaa chakavu. Sasa hakuna aliyethubutu kulitundua aproni lake. Kila mmoja alisema atalitundua mwenzake.

Jioni moja, wakiwa nyumbani, mama alimsugua kifua mdogo wa Chiriku. Chumba walichopanga kilikuwa na ukuta uliolowa maji mwaka mzima, na mtoto alikuwa akikoroma kifuani kama birika linalotaka kuchemka.

"Daktari amesema tuhame hapa," mama alisema. "Tuhame na nini? Labda nikipata hii nafasi. Msimamizi anataka kumpandisha mmoja wetu awe kiongozi wa meza, na mshahara nao upande."

"Atamchagua nani, mama?"

"Wanasema mwenye rundo refu."

"Kwani umemuuliza msimamizi?"

Mama alicheka bila furaha. "Mshahara hauulizwi, mwanangu. Ukiuliza unaonekana una njaa. Wewe fanya kazi, wataona wenyewe."

Chiriku alikuwa anawaza jambo moja tu. Rundo refu. Kukunja alikujua.

Kesho yake, wanawake walipotoka kwenda kula uani, alipenya ndani. Alijua ni kosa. Mlangoni kulikuwa na kibao kinachokataza watoto kuvuka, kwa sababu ya rola, ambayo iliwahi kumbabua mtu kiganja. Aliipita akiwa amebana mikono kifuani.

Mashine zilikuwa zimezimwa, na ndipo alipogundua kwamba hajawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Wala hakikuwa kimya hasa. Chuma cha rola kilikuwa kinapoa, kikilia ta, ta, ta, mithili ya mtu anayegonga kucha mezani. Mvuke ulikuwa umetanda chini ya taa, na mashuka yaliyosubiri kukunjwa yalikaa kwenye matoroli, meupe, yamejikunyata.

Akaanza kukunja. Mikono yake ilikwenda haraka kuliko alivyotarajia, na kila shuka lililokamilika aliliweka kwenye rundo la mama. Alikuwa ameanza kufurahi aliponusa kitu. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile kali ambayo Bibi Kona alijipaka viungoni kila siku ya Mungu.

Chiriku aligeuka polepole. Aproni la kijivu lilikuwa linacheza. Lilienda kushoto kidogo, likarudi, likaenda tena, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Alitoka mbio hadi benchini. Wanawake waliporudi kutoka kula, walimkuta amekaa wima kama yuko kanisani au msikitini. Mama Rola, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye aliyeendesha ile rola, alimtania, "Leo Chiriku amemeza ulimi?"

Haukupita muda, kelele ndani zikakatika. Kisha sauti ya Mama Rola ikasikika, ya chini, tofauti kabisa na ile ya kutania.

"Njooni mwone hapa. Huu si mkunjo wa Bibi Kona?"

Mtu mmoja akasema, "Usiniletee mambo hayo." Mwingine akaanza kusali. Chiriku alihisi nywele zikimsimama. Kwa hiyo wakati yeye anakunja, kulikuwa na mwingine aliyekunja pia. Alikuwa upande gani wa meza? Kwa nini hakumwona?

Usiku mdogo wake alikohoa, akakohoa, mpaka mama akamweka wima mapajani. Chiriku alilala macho juu, akiusikiliza ule mkoromo. Kesho yake akapiga moyo konde, akaingia tena.

Safari hii hakutazama ukutani. Alikunja ameinamisha kichwa, ananong'ona, "Shikamoo bibi, samahani bibi, ni mimi, usinidhuru bibi." Harufu ya dawa ilikuja tena. Rola ikagonga kucha zake. Alipokuwa anarudi nyuma kuchukua shuka jingine, mkono wake uligusa stuli ya Bibi Kona, na stuli ilikuwa na joto. Ilikuwa na joto kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Hata hakujua alitokaje mle ndani.

Alasiri hiyo wanawake hawakunong'ona tena. Mama Rola alisimama mbele ya rafu, mikono kiunoni. "Tuseme ukweli. Mashuka ya marehemu yapo kwenye rundo moja tu, la mwenzetu huyu. Tunatoka kula, tunarudi, rundo lake limekua. Anayemkunjia ni nani?"

"Mimi sijui chochote!" mama alisema. "Nilikuwa na nyinyi uani!"

"Ndiyo maana tunauliza. Mshahara unautaka, hilo tunalijua. Lakini kumwamsha mtu aliyepumzika aje akufanyie kazi?"

Mmoja baada ya mwingine, waliyahamisha mashuka yao hadi mwisho wa meza. Mama alibaki peke yake upande ule, karibu na stuli tupu. Chiriku aliyaona yote kupitia mlango wa matoroli, na moyo ukamuuma. Alitaka kusema. Lakini aseme nini, kwamba ni kweli kuna mtu mle ndani?

Jioni, chumbani kwao, mama aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Kesho naacha kazi," alisema. "Siwezi kukaa na watu wanaoniogopa. Na mimi mwenyewe naogopa. Nimeyaona kwa macho yangu, ni mkunjo wake kabisa."

Chiriku alikuwa amesimama akikunja nguo alizozianua kwenye kamba. Alikunja shuka la mdogo wake, akaliweka kando, akachukua jingine. Alipoinua macho, mama alikuwa amemkodolea macho. Alikuwa anaitazama mikono ya Chiriku. Akasimama taratibu, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ule ukuta uliolowa.

"Chiriku," alisema kwa sauti nyembamba. "Uko na nani hapo?"

"Mama?"

"Nani anakunja hilo shuka?"

Chiriku aliangalia shuka, kisha akaangalia nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na shuka tu, limekunjwa kama alivyolikunja siku zote, pembe moja imegeuzwa na kuchomoza nje kama sikio la mbuzi.

"Hilo sikio," mama alisema. "Sisi hatukunji hivyo. Hakuna anayekunja hivyo. Ulijifunza wapi?"

"Si ndivyo watu wanavyokunja? Bibi Kona ndivyo alivyonionyesha, benchini." Hapo ndipo mambo yalipomkaa sawa kichwani, na akaangua kilio. "Mama, ni mimi! Nilikuwa naingia mnapokula. Nilitaka rundo lako liwe refu!"

Mama alikaa chini. Mara alicheka, mara akalia, na mwishowe akamshika mtoto mikono yote miwili, akaikagua kila kidole kama anatafuta alama ya moto. "Ungeungua na ile rola, mimi ningempa nani huo mshahara?" alisema. "Kesho utayarudia haya mbele ya watu wote. Sitaki rundo la uongo."

Kesho yake hospitali nzima ingeweza kumsikia Chiriku akijikwaa maneno. Alisimama mbele ya meza ndefu na kumwomba radhi mwanamke mmoja mmoja. Mama Rola bado alikuwa na swali.

"Na ile harufu ya dawa? Hata mimi niliinusa."

Msimamizi wa idara, mwanamke mnene mwenye miwani, alikwenda hadi msumarini na kulitundua aproni bila kusita. "Jamani, mmeliacha hapa halijafuliwa tangu afariki. Mvuke ukilipata, dawa inafufuka. Na linacheza kwa sababu ya hewa ya moto inayotoka kwenye rola." Aligusa stuli, kisha ukuta. "Bomba la mvuke linapita hapa nyuma. Hata mimi nikikaa hapa napata joto."

Kabla hawajamaliza kuona aibu, muuguzi wa wodi ya upasuaji aliingia akisukuma toroli tupu. "Nani amerudisha mashuka yenye sikio? Nimekuja kushukuru."

"Kwani sikio lina kazi gani?" msimamizi aliuliza. "Si madaha yake tu yule bibi?"

"Madaha! Mgonjwa aliyeshonwa tumbo hawezi kunyanyuka nimbadilishie shuka. Naliingiza likiwa limekunjwa chini ya ubavu wake, nikivuta hilo sikio linafunguka lote, hata halii. Hamkujua? Mume wake alilazwa kwetu kabla hajafariki. Alikuwa analia kila tukibadilisha shuka. Hapo ndipo bibi alipoanza kukunja hivyo."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza. Alikufa na mshahara uleule. Hilo linaniuma." Kisha akawageukia mama na wenzake. "Na nyinyi, nani aliwaambia mimi napima marundo? Rundo ni la kujua mashuka yaliyokwenda wodini, basi. Kila mwaka hospitali inatenga fungu la nyongeza, na fungu lenyewe ni dogo. Nikipeleka jina la mtu naulizwa: amebeba jukumu gani jipya? Kazi yake imemfaa nani? Akiondoka, tutapungukiwa na nini? Kama mhusika hajawahi kufungua mdomo, nijibu nini? Niseme ana shida nyumbani? Hapa nani hana?"

Chiriku alitamani kumsemea, akajing'ata ulimi.

"Basi nasema," mama alisema, mwanzo kwa kigugumizi. "Baadhi ya mashuka ya rundo lile si yangu, hayo yaondoe. Lakini wageni wote wanaoajiriwa hapa nimewafundisha mimi. Mashine ya pili ikiharibika naitwa mimi. Na sasa nataka nijifunze huu mkunjo, niwafundishe wenzangu, mashuka yote ya wodi ya upasuaji yatoke na sikio. Kwa hayo naomba nafasi ya kiongozi, na mshahara wake."

"Siwezi kukuahidi leo," msimamizi alisema. "Kwanza tuone ukifundisha. Lakini sasa nina cha kupeleka."

Mama alijifunza kwa binti yake, palepale benchini, na Mama Rola ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza, akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Miezi kadhaa ikapita kabla jibu halijaja. Nyongeza haikuwa kubwa kama walivyoota, ila ilitosha kuhamia chumba chenye ukuta mkavu, na mdogo wake Chiriku akaanza kulala usiku kucha.

Siku ya kwanza ya kuwa kiongozi, mama alikaa kwenye ile stuli, amevaa aproni la kijivu lililofuliwa na kupigwa pasi. Chiriku alisimama nje ya mlango wenye kibao, mahali pake halali.

"Mama, huogopi kukaa hapo?"

"Niogope nini? Mwanangu, usije ukanidanganyia tena kwa kunipenda. Mshahara nimeupata kwa kazi yangu na kwa kinywa changu, na nimeufurahia sana, usinielewe vibaya. Lakini kila nikigeuza hili sikio najua kuna mgonjwa huko wodini ambaye hatalia. Hilo hata wasingenilipa zaidi ningelifanya." Alilaza shuka juu ya rundo, akalipigapiga. "Halafu wenzangu hawakukosea sana. Walisema Bibi Kona amerudi kazini. Si alirudi kweli? Hebu tazama mikono yako."

Chiriku aliitazama. Kisha akashika pindo la sare yake, akaligeuza likawa sikio.