Ng'ombe Aliyegeuzwa Kisimani

Jua lilikuwa limeshuka hadi kimo cha minazi pale Hindu binti Abdulqadir alipomtia mumewe mbuzi ya kukunia nazi mikononi, akamwambia aipeleke kwa wifi yake. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba kitu cha mtu kikikaa jikoni mwako huota mdomo, naye amechoka kusutwa na kipande cha mti.

Mumewe alikuwa Mahmud bin Obeid bin Shukri, wa Mvinjeni. Asichanganywe na Mahmud wa Faza mwenye mtambo wa barafu. Aliipokea ile mbuzi akatoka. Ilikuwa siku ya nne tangu ng'ombe azungushwe, na tangu siku hiyo hakuwa amepata usingizi.

Mvinjeni ni kijiji cha nyumba sitini na kitu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kizingitini. Kila mwaka watu wake humtwaa fahali, wakamfunga kamba mpya ya usumba wa nazi, wakamtembeza kukizunguka kijiji huku dua zikisomwa, hadi arudi pale alipoanzia. Hapo huchinjwa. Nyama huliwa papo hapo, na hata mfupa mmoja hauingii nyumbani mwa mtu. Wazee husema nyumba iliyo ndani ya mzunguko imekombolewa kwa damu ile. Iliyobaki nje... hapo wazee hunyamaza. Kazi ya kushika kamba ni ya ukoo wa Obeid, na tangu babake afe, miaka kumi na mmoja iliyopita, ilikuwa ya Mahmud.

Mwaka huo palikuwa na nyumba mpya. Radhiya binti Obeid, dada yake wa tumbo moja, alikuwa ametoka katika nyumba ya baba yao. Ni nyumba ya mawe, ya vyumba vinne, na kwa desturi ya huko mwanamke huolewa akakaa kwao. Mume ndiye huhamia. Lakini Mahmud, kinyume cha desturi, alimleta Hindu humo humo, na Radhiya na Hindu hawakuweza kupika katika jiko moja. Mume wa Radhiya, Sadiq, ambaye kwa miezi huwa Kiwayu akivua pweza, alimjengea nyumba ya matofali ya saruji na paa la bati ng'ambo ya kisima. Radhiya akahama na bintiye Nasreen, mchana kweupe, godoro kichwani, watu wakitazama. Barazani pakasemwa kwamba Mahmud ana vyumba vinne na moyo wa banda la kuku. Neno hilo lilimfikia.

Siku ya ng'ombe, alipofika kisimani, ilimpasa aendelee hatua mia mbili, aipite nyumba ya Radhiya kwa nyuma, ndipo ageuke. Aligeukia kisimani. Waliofuata walikuwa katika vumbi na usomaji, hakuna aliyeuliza. Aliyekataa ni ng'ombe mwenyewe. Alisimama akavuta upande wa nyumba ile, na Mahmud akamchapa fimbo za uso hadi jicho moja likafumba.

Sasa alikuwa amesimama mahali pale pale, mbuzi ya nazi kwapani.

Harufu ndiyo iliyomsimamisha.

Haikuwa harufu ya maji. Ilikuwa harufu ya machinjioni: mavi mabichi, damu iliyoanza kuganda, manyoya yaliyolowa. Akainama akaangalia chini. Nyayo za ng'ombe zilianzia pale alipomgeuza, zikaelekea kwa Radhiya. Kwato ya mbele ya kushoto ilikuwa imemeguka ncha. Mahmud aliijua kwato hiyo. Aliitazama siku nzima, na jioni yake ndiye aliyeikata kwa shoka na kuifukia.

Nyayo zilikwenda. Hazikurudi.

Alipofika aliona mchanga umekanyagwa kuizunguka nyumba, duara tatu, moja ndani ya nyingine. Ya kwanza ilipita nje ya ua wa makuti. Ya pili ilipita ndani ya ua. Ya tatu ilipita ukutani kabisa, hata matofali yalikuwa yamekwaruzwa kwa kimo cha kifua cha mtu. Punda wa Radhiya alikuwa bado amefungwa kwenye mwarobaini. Yaani kichwa chake na shingo. Kiwiliwili kilikuwa hatua kumi mbele, kimepasuliwa tangu kifua hadi kinena, kimefunikwa na nzi.

Radhiya alikuwa mlangoni. Hakuondoka kumpisha.

"Kaka Mahmud," alisema. "Leo ndia ya huku umeiona?"

Ukumbini, juu ya mkeka, alilala Mwalimu Patroba Agutu, mtu wa bara anayefundisha shule ya msingi, mpangaji wa chumba cha pili. Kifua chake kilikuwa kimefungwa kanga mbili. Alijaribu kuinuka kwa heshima, akashindwa.

"Mzee, hiyo ng'ombe ni ya nani?" aliuliza. "Mwambie mwenyewe aifunge. Imenivunja mbavu."

Akaeleza, kwa kukatiza pumzi, kwamba jana aliposikia ng'ombe wa mtu akisumbua nje alitoka na fimbo, kama ambavyo angetoka kwao. Alimshika pembe. Alikuwa amekua na ng'ombe, alijua mwili wa ng'ombe ulivyo.

"Hiyo haikuwa na joto," alisema. "Baridi kama samaki. Nikasema, Patroba, hapa umeshika kitu ya wenyewe."

Alitaka kucheka, mbavu hazikumruhusu.

Radhiya alisimulia yaliyosalia kwa sauti ya chini, ili Nasreen asisikie, ingawa Nasreen, mtoto wa miaka kumi na miwili, alikuwa amejikunja chini ya kitanda pale pale ukumbini na alikuwa akisikia kila neno. Usiku wa kwanza kilizunguka nje. Wa pili kilivunja ua kikamuua punda. Wa tatu kilimpiga Mwalimu. Kila usiku duara hupungua. Mchana angeweza kuondoka, lakini mgonjwa hawezi kubebwa hadi mashua ya kesho, na mlango wa nyumba ya baba yake aliambiwa siku anatoka kwamba akiufunga asije kuugonga.

"Leo hakina pa kupita ila ndani," alisema. Kisha akamtazama ndugu yake. "Ng'ombe ulimpitisha wapi?"

"Kama desturi."

"Wapi, Kaka?"

Adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali kutoka kijijini. Mahmud akauliza maji ya kutawadhia. Waliswali pale ukumbini, mlango umekomelewa kwa pau la mti, na alipotoa salamu kulia, kisha kushoto, akasikia.

Pumzi.

Ilipita nyuma ya ukuta, polepole. Ilikuwa nzito, lakini haikutoka puani. Ilikuwa na mluzi na povu ndani yake, kama pumzi itokayo shingoni baada ya kisu kupita. Nyuma yake kitu kilikokotwa mchangani... srrr... srrr... Kamba.

Ilizunguka nyumba mara moja.

Ikasimama mlangoni.

Pigo la kwanza lilikata pau. La pili lilileta mlango wote ndani, pamoja na bawaba zake na kipande cha ukuta. Kichwa kilichoingia kilikuwa na jicho moja wazi na moja lililofumba kwa uvimbe wa fimbo. Chini ya taya koo lilikuwa limefunguka kutoka upande hadi upande, jekundu, na mluzi ulitoka humo. Radhiya aliruka mbele na panga la kupasulia kuni, akalizamisha begani mwa mnyama hadi mpini. Damu haikutoka. Pembe ilimwingia pajani ikatokea upande wa pili, ikamwinua, ikamtupa juu ya Mwalimu Patroba, na Mwalimu akapiga ukelele mmoja akazirai.

Kisha kichwa kiliinama, kikakiondoa kitanda kama mtu anavyoondoa kifuniko cha sufuria. Pembe ilipita katika gauni la Nasreen. Ikaanza kumvuta nje, kinyumenyume, bila haraka. Kucha za mtoto zilikwaruza sakafu ya saruji.

Mahmud alikuwa amesimama na mbuzi ya nazi mikononi. Aliipiga ile mbuzi katikati ya paji la ng'ombe. Ikavunjika vipande viwili, na ng'ombe hata hakutazama.

"Niligeukia kisimani," alisema.

Ng'ombe alisimama.

"Rudia," alisema Radhiya kutoka sakafuni. Damu ilikuwa imefika kwenye mkeka.

"Niligeukia kisimani. Niliwaacha nje kusudi."

Mluzi ule tu.

"Hukutuacha," alisema Radhiya kwa kunong'ona. "Ulitutoa kafara. Basi imalize ndia yake, Kaka. Imalize, mwanangu anirudie."

Kamba ilikuwa imelala kizingitini, na fundo lilikuwa lake mwenyewe, fundo la ukoo wa Obeid, ambalo hakuna mwingine kijijini alijuaye kulifunga. Aliiokota. Pembe ilichomoka katika gauni la mtoto. Akatoka, na mnyama akamfuata kama alivyomfuata siku ile.

Aliipita kona ya kwanza akisoma. Pigo lilimjia mgongoni likamlaza kifudifudi. Alisikia ubavu ukikatika. Akainuka. Kona ya pili pembe ilimchana kuanzia kwapa hadi kiunoni, na kikoi kikaloa hadi miguuni. Akainuka tena, kwa sababu nyuma yake alimsikia Nasreen akimwita mamake. Alishika kamba, akaenda.

Kona ya tatu kamba ililegea mkononi mwake.

Kisha ikakaza. Lakini sasa ilikuwa mbele.

Aligusa shingo yake akakuta fundo.

Mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na kamba tu, imenyooka hewani, ikimvuta. Aliposita, fimbo ilimpiga usoni, na ikampiga tena, tena, mpaka jicho la kulia likafumba. Nyuma yake watu walikuwa wakisoma, wengi, sauti za wanaume wa Mvinjeni, na nyingine alizitambua, na wenyewe wakati huo walikuwa msikitini wakingoja isha. Wakampitisha nyuma ya nyumba ya Radhiya. Wakampitisha porini. Wakamrejesha kisimani, pale mzunguko ulipokuwa na pengo.

Hapo miguu yake ilikamatwa. Akalazwa ubavu wa kushoto, uso kuelekea kibla. Alisikia kisu kikinolewa juu ya jiwe la ukingo wa kisima... taratibu, kama kazi ya kila siku. Mikono ikamshika. Haikuwa mikono ya hasira. Ilimbonyeza mbavu, ikampapasa mgongo, ikapima paja kwa kiganja.

"Amekonda," alisema mmoja.

"Tumngoje?"

"Tumngoje. Mwaka uyao si mbali."

Huyo aliyesema neno la mwisho alikuwa na sauti ya Obeid bin Shukri, babake.

Adhana ya isha ikapigwa.

Watu waliotoka msikitini ndio waliomkuta, kamba shingoni, na mstari mwembamba wa damu kooni usiokuwa na kina. Radhiya walimkuta amejifunga paja kwa mtandio, Nasreen magotini mwake. Wote walisafirishwa alfajiri. Kwenye karatasi ya zahanati iliandikwa kwamba watu watatu wamejeruhiwa na ng'ombe aliyefunguka, na Mwalimu Patroba alitia sahihi kama shahidi, kisha akaomba uhamisho. Bwana Uthman, mzee wa mtaa, aliuliza ng'ombe huyo alikuwa wa nani. Hakuna aliyepoteza ng'ombe.

Tangu usiku ule nyumba ya Radhiya haikuguswa. Hata mchanga wake ulilainika, duara zikafutika. Radhiya anachechemea. Hajamsamehe ndugu yake, lakini alimpa chumba cha Mwalimu, kwa kuwa Mahmud hakubali tena kukipita kisima kurudi kwake, alikobaki Hindu, na kwa kuwa mtoto wake yu hai. Ni yeye pekee aliyeambiwa habari ya ile mikono.

Mahmud alifanya hesabu yake. Mnyama aliyekonda hachinjwi. Akaanza kufunga, Jumatatu na Alhamisi kwanza, kisha kila siku ambayo sheria inaruhusu. Hufuturu kwa maji na tende moja. Kijijini wakamsifu kwa ucha Mungu. Radhiya humpakulia wali, akausukuma. Humpakulia samaki, akampa Nasreen. Mwezi wa tatu kikoi chake, kilichokuwa kikimzunguka mara moja na nusu, kilimzunguka mara moja tu. Mwezi wa sita ncha zake hazikukutana. Radhiya alikiunga kwa kipande cha kanga, akashona bila kuuliza, kwa maana sahani zote huziosha mwenyewe na anajua chakula hurudi bila kuguswa.

Juma lililopita Bwana Uthman alikuja kumwuliza nani atashika kamba mwaka huu, na kumwarifu kwamba fahali bado hajapatikana. Wametafuta hadi Siyu na Tundwa. Waliongea vyema. Alipoinuka kuaga alimkumbatia Mahmud kwa upole, kama wazee wafanyavyo, mkono mmoja begani, mmoja ubavuni.

Vidole vya ubavuni vilibonyeza. Vikakaa pale zaidi ya ilivyopasa.

"Mashaallah, Bwana Mahmud," alisema. "Umenawiri."