Bibi Yupi Akatwe?

Wewe, umewahi kuiona mashine inayougonga mti na kuuliza umri wake? Basi huko milima ya Upare, miaka mingi mbele yetu sisi, ilikuwapo. Waliiita mchaguamiti. Ilitembea kwa miguu minane kama buibui, ikapiga shina kwa kinyundo, ikasikiliza mwangwi wa ndani, ikajua. Msitu ule haukufyekwa wote kwa mpigo. Miti mikongwe na michanga iliishi pamoja, ikavunwa iliyokomaa tu, ili mwanga uishukie midogo. Wenyeji waliifundisha mashine umri wa miti kwa majina ya udugu: mjukuu, binti, mama, bibi. Bibi ndiye wa kupasuliwa mbao.

Asubuhi hiyo Eliwaza, mlinzi wa msitu, aliikuta imesimama mbele ya mti mmoja mwembamba wa mkulo, haufiki hata unene wa mkono wake, na msumeno umeshatolewa.

"We! Unafanya nini hapo?"

"Navuna bibi."

"Bibi gani? Huoni mti huu mtoto? Umelewa?"

"Kipimo kinasema mjukuu. Mlinzi anasema bibi. Neno la mlinzi hupita kipimo."

Eliwaza akajishika kiuno. Mlinzi si ndiye yeye? Sasa alisema lini? Mkulo ule ulipandwa na mjukuu wake, Nakijwa, siku alipoondoka kwenda kufanya kazi kwenye kituo cha angani. Na Nakijwa huyohuyo ndiye aliyeiunda mashine! Eliwaza akatoa kioo-sauti mfukoni, akampigia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Bibi. Hebu ona, hili dude lako limerukwa na akili. Linataka kuukata mti wako!"

Nakijwa akacheka. "Bibi, huo mti huwa unauitaje?"

"Nauita… kama ninavyokuita wewe."

Nakijwa alirithi jina la bibi aliyemlea Eliwaza, kwa hiyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni aliitwa Bibi. Na Eliwaza kila akipita pale aliushika ule mti, akauambia, "Hujambo, Bibi? Baridi haikukusumbua?" Kumbe mashine inasikiliza.

"Mimi ndiye niliyeiamuru ikutii," alisema Nakijwa. "Sikutaka ikudharau. Iambie huyo ni nani, itaacha."

"Si uiambie wewe hukohuko?"

"Hainisikii mimi, Bibi. Inakusikia wewe tu."

Eliwaza akababaika. Tangu mjukuu aondoke, kila alipoulizwa anahitaji nini, alijibu sukari, majani ya chai, blanketi zito. Hakujua kwa nini leo ulimi unamwia mzito hivi.

Msumeno ukanguruma.

"Kama si bibi, ni nani?" mashine iliuliza. "Na mlinzi anataka afanywe nini?"

"Ni mjukuu wangu," alisema Eliwaza, kioo kikiwa bado wazi kiganjani. "Nataka arudi nyumbani."