Kaseti za Mzee Anuari

Stendi ya Nachingwea ilikuwa imefurika watu wa mnadani. Ashura, mshonaji aliyependeza ndani ya dera la njano, alikuwa akipenya na furushi la vitambaa aliposimamishwa na kijana.

"Samahani dada, kwa marehemu Mzee Anuari ni wapi?"

"Mtunzi wa muziki wa filamu?"

"Huyohuyo. Ndiye wa kwanza huku kwetu kuziingiza ngoma zetu kwenye filamu. Natengeneza yangu Ruangwa, na bila yeye haikamiliki."

"Basi umefika. Mimi mjukuu wake. Ila funga vifungo vizuri kwanza, vimepishana."

Kijana akajitazama, akacheka. Aliitwa Kaimu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi haukuisha, stendi nzima ilikwishajua. Ashura akamwombea kaseti za muziki wa babu kwa bibi yake, Hadija, kungwi wa kuheshimika. Kaimu akaapa jina la mzee litasomwa ukumbini siku ya kuonyesha filamu.

Siku nne kabla ya onyesho alimtumia Ashura kipande cha filamu. Aliposikia wimbo wake, hakuumaliza. Akapiga simu.

"Kaimu, wimbo huo umeutoa wapi?"

"Upande wa pili wa kaseti, mpenzi. Mtamu balaa!"

"Ni wa unyago! Bibi aliurekodi kwa wasichana wake. Hata babu hakuwahi kuugeuza upande huo. Mwanaume hausikii, seuze ukumbi mzima! Bibi auweke wapi uso wake?"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Akamkatia, na simu zake hakupokea tena. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe: "Nimeufuta. Pale patabaki kimya."

Hapo Ashura akalia. Kosa lilikuwa lake pia: kwao kila mtu alijua, naye hakumwonya mgeni. Lakini babu asomwe kwenye filamu bubu? Thubutu! Alfajiri alibeba ngoma ya babu, aliyemfundisha kuipiga tangu utotoni, akapanda gari la Ruangwa.

"Washa mashine," alimwambia Kaimu mlangoni.

"Umenisamehe, malkia?"

"Tusameheane. Washa."

Ashura akapiga kutwa nzima muziki alioutunga mwenyewe, mpaka viganja vikavimba.

Jumamosi, siku ya onyesho, Bibi Hadija alikaa safu ya mbele na kanga mpya. Kwenye skrini likapita jina la Mzee Anuari, likafuata la Ashura. Bibi akapiga kigelegele peke yake, kisha ukumbi ukampokea.

Kaimu akamnong'oneza Ashura, "Washenga waje lini?"

"Muulize Bibi."

Bibi hakugeuka. "Waje Ijumaa," alisema. "Na mahari ni mashine ya kurekodia. Mtunzi wangu haolewi akaacha kazi."