Wiki ya Mvua Nairobi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Rehana alipuliza jiko la makaa mpaka likashika, akabandika chai, kisha akafungua mlango wa nyuma kuutazama Mlima Kenya. Nyumba yao ilikuwa Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri, na anga ikiwa safi kilele kilionekana vizuri. Aprili hiyo hakikuonekana kabisa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa ya majirani, na mvua ilinyesha karibu kila alasiri.

Rehana hakuijali mvua. Alichowaza ni Nairobi tu. Muriithi, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa amepelekwa huko Desemba, akarudi na hadithi zisizokwisha: twiga aliyemlamba kiganja, treni, na nyoka wa makumbusho waliojikunja nyuma ya vioo. Muriithi alipoanza kusimulia, Rehana alifungua kitabu akajifanya anasoma. Hakuwa na lake la kusema.

"Baba, shule zikifungwa nipeleke kwa Shangazi Rukaya," aliomba jioni moja wakila.

Baba yake, Mzee Huseni, alikuwa fundi wa kushona nguo mjini. Aliweka kijiko chini. "Hizi ni mvua ndefu, mwanangu. Nairobi saa hii ni matope na foleni za magari. Si ungoje Agosti?"

"Agosti ni mbali!"

"Mimi nimekulia Kangema, kwenye milima na mvua nyingi," mama yake akasema. "Mvua ya Aprili haibembelezwi."

Rehana alinuna. Alinuna kesho yake pia, na kesho kutwa. Mwishowe, shule zilipofungwa, baba yake alikuwa na safari ya kwenda Nairobi kununua vitambaa, akaamua kumpeleka na kumwacha huko kwa wiki moja.

Shangazi Rukaya, dada ya baba yake, aliishi mtaa wa South C na mwanawe Harun, kijana wa miaka kumi na minne. Shangazi alikuwa na duka la madera na mitandio sokoni. Alimkumbatia Rehana mlangoni na kumwahidi mambo mengi: wangeenda kuona twiga, wangepanda treni, wangezuru jumba la makumbusho. Usiku huo Rehana alilala akitabasamu.

Jumatatu waliamka na mvua. Jumanne walivaa viatu tayari kwenda kuwaona twiga, lakini redio ikatangaza kwamba barabara ya kule imefungwa kwa sababu ya mafuriko. Jumatano maji yaliingia dukani, na shangazi akashinda huko akiyachota kwa ndoo. Aliporudi jioni, buibui lake likichuruzika, alikunywa maji akaenda moja kwa moja kulala.

Rehana alishinda dirishani. Umeme ulikuwa umepotea, kwa hiyo hata runinga haikuwapo. Nje aliona ukuta wa jirani, kamba ya nguo isiyo na nguo, na matone.

"Kwani nilikuja Nairobi kutazama dirisha?" alimuuliza Harun kwa hasira. "Hata Ruring'u tuna madirisha!"

Harun alicheka, jambo lililomuudhi zaidi. "Mama amesema atatupeleka Jumamosi. Ngoja."

"Kila mtu ananiambia ngoja! Jumapili narudi nyumbani. Muriithi akiniuliza niliona nini, nitamwambia niliona ndoo?"

Alhamisi asubuhi, kabla hajaondoka, shangazi aliwaita wote wawili. "Leo msitoke. Na ikibidi mtoke, msipite kamwe kwenye maji yaliyofunika barabara. Hamjui chini kuna nini. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," wakajibu.

Haikupita muda mrefu jua likachomoza. Rehana aliruka kutoka kitini. "Harun! Twende makumbusho. Tutarudi kabla mama yako hajafika."

"Mama amesema tusitoke."

"Amesema kwa sababu ya mvua. Iko wapi mvua? Ama unaogopa? Wewe mkubwa mzima unaogopa kama mtoto wa chekechea!"

Harun aliinamisha kichwa. Hakupenda kuitwa mwoga, hasa na msichana mdogo kwake kwa miaka miwili. Alichukua ufunguo.

Hawakufika mbali. Walikuwa bado wanangoja basi kituoni wakati mawingu meusi yalipokusanyika na mvua kumwagika kama iliyokuwa imezuiwa kwa nguvu. Walikimbilia chini ya kibanda cha muuza mahindi. Walikaa humo mpaka Rehana akaanza kutetemeka. Mvua ilipopungua, hakuna basi lililokuja. Waligeuka kurudi nyumbani, Rehana akipiga mawe teke na kuilaumu mvua, mabasi na mji wote.

Karibu na mtaa wao, maji ya rangi ya chai yalikuwa yamefunika barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Watu walikuwa wamesimama kando wakingoja yapungue. Kwa upande wa pili waliliona paa la nyumba yao.

"Tusubiri hapa na hawa watu," Harun alisema.

"Sisubiri tena!" Rehana alipaza sauti. "Nimechoka kusubiri! Ni padogo tu, pita!"

Harun alimtazama, akavua raba zake, akazishika mkononi, akaingia. Maji yalimfika magotini. Alipiga hatua chache, kisha akatoweka mpaka kifuani. Mtaro uliokuwa pale chini haukuwa na kifuniko. Maji yalimvuta, mikono yake ikapapasa hewani, na raba zake zikaelea mbali.

"Harun! Mshikeni! Mshikeni jamani!" Rehana alipiga mayowe.

Mwanamume mmoja aliyekuwa na mkokoteni aliusukuma haraka ndani ya maji, akamwelekezea Harun mpini wake. "Shika! Usiachilie!" Wengine wawili walimshika mwenye mkokoteni kiunoni. Harun aliushika mpini, wakamvuta polepole mpaka akatoka, akikohoa. Mguu wake ulikuwa umechanwa na chuma, na damu ikachanganyika na matope. Rehana alimfuta kwa mtandio wake.

Shangazi Rukaya aliwakuta kwenye zahanati walikopelekwa na wale waliomwokoa Harun. Muuguzi alikuwa amemsafisha Harun kidonda, akamshona, na kumdunga sindano ya kuzuia pepopunda.

"Nani aliyewaambia mtoke?" shangazi aliuliza.

Harun alifumbua mdomo, lakini Rehana akamtangulia. "Ni mimi, Shangazi. Yeye alikataa. Nikamwita mwoga. Na pale kwenye maji pia ni mimi niliyemwambia apite." Akaangua kilio.

Shangazi aliweka mkono wake juu ya paji la uso la Harun. Kisha akamvuta Rehana karibu.

"Kukasirika si kosa," alisema. "Hata mimi wiki hii nimekasirika. Nguo zangu zimelowa. Lakini hasira yako ulimkabidhi mwenzako aibebe, ukamwingiza nayo majini. Mvua haina haraka na haina habari nawe. Ukishindana nayo, anayeumia ni mtu. Twiga utamwona mwaka mwingine. Harun ninaye mmoja tu."

"Nisamehe, Shangazi. Nisamehe, Harun."

"Raba zangu zilikuwa mpya," Harun alisema kwa unyonge, na muuguzi akacheka.

Jumamosi shangazi aliita teksi, akawapeleka makumbusho. "Kule kuna paa," alisema. "Siku za mvua ni za mahali penye paa."

Harun alichechemea, mkono wake begani mwa Rehana. Alikuwa mzito, na kwenye kila ngazi walisimama apumzike. Walikuwa bado hawajafika kwa nyoka mvua ilipoanza kugonga paa, na wageni wengine wakaguna na kukimbilia madirishani.

"Nimechoka kidogo," Harun alisema. "Tukae?"

"Tukae," Rehana alijibu, akamsogezea benchi.