Mkono wa Kwenye Sarafu

Anastasia, jirani yetu wa hapa Hayes, ughaibuni, alikuwa akifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunza wazee, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa mchana. Jumamosi moja alirudi asubuhi miguu imevimba, akamkuta mumewe, Cosmas, uani akichimba tuta la mchicha. Jembe lilikuwa limeibua kitu kidogo cha duara, kimegandwa na udongo.

Walikipeleka nyumba ya pili kwa Mzee Surinder, sonara mstaafu, mzaliwa wa Moshi. Alikisugua kwa kitambaa mpaka fedha ikatokea. Upande mmoja, kichwa cha mfalme wa Roma. Upande wa pili, mikono miwili imeshikana.

"Hii ilikuwa ya askari wa Roma, waliotawala hapa zamani," alisema. "Mikono hii maana yake wamepatana, hawatageukana. Irudisheni mlikoitoa."

"Kwa nini, mzee?"

"Sijui. Kuishika tu, mkono wangu umechoka."

Anastasia hakuwa na nguvu za kuuliza zaidi. Aliiweka sarafu kando ya kitanda, akavuta pazia, akalala. Cosmas akatoka kwenda dukani.

Katikati ya usingizi, mkono ukamshika. Mkono mpana, wenye sugu. Naye, macho yamefumbwa, akaubana kidogo kama ilivyokuwa kawaida yake na mumewe.

"Umewahi kurudi," alinong'ona.



Mlango wa chini ukafunguliwa. "Mke wangu, nimerudi," sauti ya Cosmas ikapanda ngazi.

Mkono haukumwachia.

Alifumbua macho. Hapakuwa na mtu. Mkono wake ulikuwa umeinuka hewani, vidole vimebanwa. Ukaanza kuvutwa. Taratibu. Kuelekea ukutani.

Cosmas akasimama mlangoni.

"Nimechoka kuvutana naye," Anastasia alinong'ona.

Cosmas hakuuliza ni nani. Alipenyeza kiganja chake cha kulia kwenye hewa ya baridi kando ya vidole vya mkewe. "Mwachie," alisema polepole. "Shika wangu."

Ukamwachia.

Cosmas alisimama vile, mkono mbele, mpaka ulipoanguka wenyewe. Jioni waliifukia sarafu kwenye tuta lile lile. Hawakuguswa tena.

Jumatatu, kwenye ghala analofanyia kazi Cosmas karibu na uwanja wa ndege, mashine ya kusoma alama za vidole ilimkataa. Msimamizi wake, Tarsem, akamwambia afute mikono. Akafuta. Ikamkataa tena.

Nyumbani, Anastasia alivifungua viganja vya mumewe mbele ya dirisha. Cha kushoto kilikuwa na mistari yake yote. Cha kulia kilikuwa laini, hakina mstari hata mmoja, mpaka ncha za vidole.

Cosmas aliufumba mkono ule, akautia mfukoni.

"Nipe chai kwanza," alisema.

Akaipokea kwa mkono wa kushoto.